Habari Aliyowaahidi Watu wa Visima

Barua niliyopaswa kuikataa ilikuwa na mistari sita. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya hoteli moja hapa Isiolo mjini, nikaomba kalamu, nikatia sahihi juu ya boneti ya gari la mradi. Ilisema kwamba wazee wa visima saba, kuanzia upande wa Burat hadi ng'ambo ya Garbatulla, wamepewa matokeo ya utafiti wa haidrojeni kwa lugha wanayoielewa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepewa. Nilijua hivyo kalamu ikiwa mkononi. Sikudanganywa, sikulazimishwa, na miwani yangu nilikuwa nimeivaa.

Watu wa rika langu wakisimulia makosa ya namna hii humsingizia shetani. Shetani hakuwepo. Nilikuwa nimeshiba pilau, nimeitwa mheshimiwa mara nne tangu asubuhi, na nilitaka kwenda nyumbani kulala.

Aliyeumizwa na barua hiyo nitamwita Fundi, kama sote tulivyomwita. Alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari, yule mtu wa nyuma anayeosha vyombo, kuchanganya dawa na kuwazuia wanafunzi wasijichome, huku mwalimu wa kemia akipokea sifa. Huku kwetu mtu akitajwa, swali la kwanza ni: huyo ni wa nani? Njia hiyo nitaiacha. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Mimi ni wa maabara," na aliyeuliza akabaki na swali lake.

Mimi ni mwenye lori. Babu zangu walikuja huku wakiwa askari wa mkoloni, bunduki zikarudishwa, wao wakabaki na biashara. Nilifika kidato cha nne nikaingia barabarani. Fundi nilimjua nilipokodiwa kuleta vyombo vya maabara kutoka Nanyuki. Nilimwachia kiti cha mbele. Alikikataa, akapanda nyuma pamoja na magunia, sanduku la chupa amelipakata. Tulipofika aliteremka mweupe kwa vumbi, akahesabu chupa zote, kisha akaniambia huku akicheka, "Dereva, unaendesha kama mtu anayefukuzwa na mke wake." Tangu siku hiyo, kwa miaka thelathini, aliniita Dereva. Hata nilipoajiri dereva wangu, hata nilipowaoza mabinti na kupata wajukuu, nilibaki Dereva. Nilikuwa najifanya kukasirika. Sasa nakitafuta kile kicheko chake na sikipati.

Alikuwa na taabu na vyombo. Kila kikombe alikiosha mara tatu, na kikombe cha nyumbani kwa watu vilevile. Unamkaribisha chai, mke wako ameosha vikombe vizuri, naye anasimama, anakwenda kwenye pipa la maji, anasuuza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anakiangalia kwenye mwanga. Mke wangu alinuna mwaka mzima. Siku moja akamwambia, "Fundi, kama nyumba yangu ni chafu si unywee kwa mkono?" Fundi akajibu bila kugeuka, "Mama, hata kwangu naosha. Uchafu si wa nyumba, ni wa kikombe." Jibu hilo halikusaidia lolote.

Aliandika kwa penseli tu. Alisema wino huogopa jasho. Alivaa koti la maabara juu ya kikoi, koti ambalo zamani lilikuwa jeupe, na mfukoni alikuwa na penseli tatu na kisu cha kuchongea. Hakupenda kupigwa picha. Simu ikiinuliwa aliinama kana kwamba ameangusha kitu.

Msidhani alikuwa malaika. Kuhusu vipimo hakudanganya hata nukta, lakini kuhusu sukari alidanganya kila siku. Daktari alimkataza, mkewe akaificha, naye akawa anakuja dukani kwangu mtaa wa Wabera na karatasi ya dawa, anasema, "Dereva, nipimie robo, ni ya majaribio." Alikuwa na ulimi mkali kwa walimu wenye digrii. Alipinga uchomaji wa makaa kwa hotuba ndefu, na chai iliyopikwa kwa kuni hakuinywa, alisema ina moshi, akataka ya makaa. Nilipomwonyesha hilo alisema, "Mimi naujua ubaya wake. Wewe unachoma bila kujua." Alizaliwa miongoni mwa wafugaji, akaogopa ngamia. Na katika maongezi ya kawaida hakumwacha mtu amalize sentensi. Aliimalizia yeye, mara nyingi vibaya.

Lakini kulikuwa na wakati mmoja ambao alinyamaza. Hapo lazima nieleze kidogo, kwa wale wasiotujua.

Kwa Waborana, mgeni akifika kisimani anakaa, anasalimiwa, kisha anaulizwa oduu, yaani habari. Oduu si porojo. Unaanza na mvua: imenyesha wapi, imekosekana wapi. Halafu nyasi, maji, magonjwa, usalama, bei sokoni, ndoa, misiba. Uliyoyaona unasema umeyaona. Uliyoyasikia unamtaja uliyemsikia. Mwenyeji anasikiliza bila kukukata, na ukimaliza anakupa yake. Kuanzia hapo umebeba mzigo: huko uendako ukiulizwa, utaitoa kama ulivyoipokea, usiongeze, usipunguze. Mtu huhamisha mifugo yake yote kwa neno la mpita njia, kwa sababu ya sheria hiyo. Anayepokea habari bila kutoa yake si mgeni, amekuja kuchungulia. Na wasiyemwamini hawamtukani. Wanampa neno moja tu: nagaa, amani. Mvua je? Nagaa. Mifugo? Nagaa. Watoto? Nagaa. Ni adabu kamili, na ni mlango uliofungwa.

Fundi, yule asiyeweza kunyamaza, alikaa juu ya dumu lililopasuka au jiwe la moto akasikiliza oduu saa nzima, mikono magotini, mdomo umefungwa. "Hii ndiyo maabara ya zamani," aliniambia mara moja. "Kila kitu kina chanzo chake. Hawa wazee wangekuwa na daftari, wale wa chuo wangekuja kwao kusoma."

Alipostaafu, watafiti wa chuo kimoja walimchukua kuwakusanyia hewa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anapigilia ardhini duara la chuma, analifunika na kifuniko chenye tundu, anangoja, halafu kwa bomba la sindano anavuta hewa ya ndani na kuitia katika chupa ndogo. Anavuta tena baada ya dakika chache, na tena. Chupa zinakwenda Nairobi kupimwa haidrojeni imepungua kiasi gani. Watu waliomwona amepiga magoti, ameibandikia ardhi kikombe na sindano mkononi, walisema Fundi anaifanyia ardhi hijama, kama wanavyoumikwa wagonjwa wa mgongo. Utani huo ulimfikia akaupenda. "Ndiyo," alisema, "lakini natoa pumzi, si damu."

Mimi nilimbeba kwa lori, kwa hiyo nilijifunza. Kwa maneno yake ilikuwa rahisi. Huko nje wanataka kutumia haidrojeni badala ya mafuta. Ni hewa nyepesi kuliko zote na haifungiki. Popote utakapoiweka, itavuja. Ikivuja, haitakuua. Lakini juu kuna kitu kidogo kinachosafisha hewa, kinachomaliza ile gesi ya tumbo la ng'ombe. Haidrojeni inakiteka kitu hicho kiishughulikie yenyewe kwanza, na gesi ya ng'ombe inakaa hewani muda mrefu zaidi.

"Sasa sikiliza, Dereva," alisema, akinigonga goti. "Bomba limevuja kwa mwingine. Lakini siku wakija kuhesabu gesi, watakuja kumuuliza nani?"

"Mwenye ng'ombe."

"Mwenye ng'ombe! Na hatakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyemwambia."

Kulikuwa na nusu ya pili ya habari, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Udongo unakula haidrojeni. Vijidudu vilivyomo ndani yake vinaimeza. Udongo uliolowa sana hauvuti, uliokauka kabisa unalala, lakini ule wa katikati, wenye unyevu kidogo na usiofukuliwa, unakula. "Udongo wetu unafanya kazi ambayo hakuna aliyeuajiri kuifanya," alisema. "Wanauita jangwa. Jangwa linalowasafishia hewa."

Habari yenyewe ilikuwa hiyo tu. Ingeweza kuelezwa kabla chai haijapoa.

Lakini alikuwa ameiahidi. Kila kisima kina aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha, na bila neno lake huchomeki hata kijiti. Nilikuwepo katika kile cha kwanza, ng'ambo ya Garbatulla. Aba herega alikuwa mzee mwembamba mwenye jicho moja. Alisikiliza, akauliza, "Unachukua nini hapa?"

"Pumzi ya ardhi."

"Utairudisha?"

"Hewa siwezi, mzee. Nitarudisha habari yake."

"Yote?"

"Yote. Hata ikiwa mbaya."

Mzee akanyoosha kidole, akamwonyesha pa kupigilia. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Visima saba, maneno yaleyale saba. Fundi aliandika majina ya wale saba kwa penseli kwenye ukurasa mmoja, akaniachia nakala, kwa kuwa mimi nilikuwa nimefanywa mwenyekiti wa kamati ya jamii ya mradi. Nilichaguliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri na lori. Niseme ukweli, cheo kile nilikipenda. Nilichongesha muhuri.

Utafiti ulipokwisha, chuo kilipata fedha nyingine, za kupeleka matokeo nje ya chuo, kwa watu wasio wasomi. Hilo ni jambo adimu. Miaka yote nimebeba watafiti wa nyasi, wa maji, wa magonjwa ya mbuzi; wanachukua, wanashukuru, wanapotea. Safari hii kulikuwa na fungu la kurudi. Fundi alipoambiwa, alikaa chini palepale kwenye ngazi ya duka langu.

Afisa wa mradi alikuwa binti mpole wa Nairobi, mwenye adabu kwa wazee. Tulikutana dukani. Fundi akamweleza mpango wake: lori langu, wiki moja, kisima hadi kisima siku za kunywesha. Tunafika, tunakaa, tunaulizwa oduu, tunaitoa.

"Mpango ni mzuri sana, mzee," binti akasema. "Lakini ushahidi utakuwa nini? Wafadhili wanataka orodha ya mahudhurio, sahihi na picha."

"Ushahidi ni huu. Tukifika kisima cha tatu tutakuta wanajua tayari. Uwaulize wewe mwenyewe. Wakiwa wamepunguza neno moja, nifute kazi."

"Sasa hiyo nitaiambatanisha aje?"

"Iambatanishe kwa miguu yako. Twende pamoja."

Binti alicheka. Mimi nilicheka zaidi. Hata hivyo aliuandika mpango ule ukapita, na heshima hiyo nampa.

Fundi alitangulia kwa bodaboda kwenda Garbatulla, awaambie watu tunakuja. Siku ya pili mvua ikanyesha, mvua ya kweli, ile tuliyoiomba misimu mitatu. Barabara ikakatika, mtandao ukapotea, naye akawa ng'ambo. Muda wa fedha zile ulikuwa unakaribia kwisha. Binti akaja dukani akaniwekea mambo mezani bila kuficha. Njia ya kwanza: kuomba muda uongezwe. "Ni barua ya kama ukurasa mmoja na nusu, mzee. Mwenyekiti anaeleza mvua, anaambatanisha mpango. Mara nyingi wanakubali." Njia ya pili: warsha mjini, wiki hiyohiyo, ripoti iende.

"Mwenyekiti, wewe ndiye sauti ya jamii," akasema. "Uamuzi ni wako."

Mara nyingi wanakubali. Alinitamkia hivyo. Nami nikasema, "Warsha ni sawa."

Ilifanyika ukumbini mwa hoteli. Kulikuwa na bango lenye picha ya ng'ombe ambaye si wa huku. Walikuja watu wa maofisi, vijana wa Wabera waliosikia kuna chakula, na viti vilipobaki vitupu tukawaita akina mama wauza maziwa ya ngamia kutoka sokoni. Mhadhiri alionyesha michoro ukutani. Mama mmoja akainua mkono. "Mstari huo unaopanda, ni bei ya maziwa?" Watu wakacheka. Mhadhiri akasema ni swali zuri na kwamba atalirudia. Hakulirudia. Mimi nilishika kipaza sauti nikasema kwamba leo ni siku ya kihistoria kwa watu wa visima. Mtu wa visima hakuwemo.

Baada ya pilau ikaja ile barua. Ilihitaji majina ya wazee waliofikiwa. Nilitoa mfukoni ukurasa wa Fundi, nikayanakili yote saba kwa mwandiko wangu mzuri na kupiga muhuri. Mmoja wa wale saba alikuwa ameshafariki. Fundi alikuwa ameniambia, tukiwa njiani, nami nilikuwa nimesahau.

Maji yalipopungua Fundi alirudi, miguu imekauka tope hadi magotini. Nikamwambia warsha imefanyika na fedha zimekwisha. Kuhusu barua sikumwambia. Alinitazama kidogo. "Basi tutakwenda kwa mafuta yetu, Dereva. Nitachangia pensheni." Nikasema lori lina mzigo wa Nairobi wiki hiyo. Ilikuwa kweli wiki hiyo. Wiki iliyofuata haikuwa kweli, nikasema tena.

Miezi ikapita. Wakaja watafiti wapya, wanataka kupima palepale. Wakamwajiri Fundi awaongoze, wakakodi lori langu. Tulifika kile kisima cha yule mzee wa jicho moja, siku ya ng'ombe. Kiongozi wao, kijana mwenye nia njema, akataka kuonyesha kwamba wao si watu wa kuchukua tu. Akatoa faili. "Wazee, najua mlipewa matokeo ya kwanza. Majina yenu ninayo." Akasoma, mtu mmoja akitafsiri. Jina la kwanza. La pili. La tatu lilikuwa la marehemu.

Ng'ombe waliendelea kuvuta maji.

Aba herega hakumwangalia kijana. "Fundi," akasema, "ulikunywa maji hapa?"

"Nilikunywa."

"Ulipewa habari?"

"Nilipewa."

"Yako uliiacha?"

"Bado sijaiacha."

"Basi karatasi hii imeongea na nani? Aliyekufa ameitwa akahudhuria. Sisi tulio hai hatukualikwa?"

Mzee mmoja nyuma akacheka, kicheko kibaya. "Labda walikwenda kumwambia kaburini. Huko ndiko udongo uko karibu."

Fundi akaomba ile karatasi. Akaisogeza mbali kidogo na macho, kama alivyosoma kipimo. Alinijua kwa mwandiko kabla ya kufika kwenye sahihi, nilimwona. Nilikuwa nimeegemea tairi, hatua kumi. Alikuwa na nafasi ya kunyoosha kidole. Badala yake akampa aba herega karatasi na kusema, "Ahadi ilikuwa yangu. Kosa ni langu."

Mimi nilinyamaza. Hili naliweka peke yake kwa sababu ni kosa la pili, na si dogo kuliko la kwanza. Hatua kumi, na lugha yao naijua. Nilinyamaza.

Fundi akaingiza vyombo sandukuni kimoja kimoja, kila kimoja akakipangusa kwa pindo la koti. Akamkabidhi kijana funguo za sanduku. Akaondoka kwa miguu kuelekea Garbatulla, jua likiwa utosini, na hakupanda nyuma ya lori wala mbele.

Karatasi ilibaki kisimani. Binti wa aba herega anafundisha watoto wa chekechea, anajua kusoma. Akaisoma sahihi na muhuri. Siku hiyo sikuwaza lolote, lakini njia ya oduu haipiti kwenye barabara inayokatika kwa mvua.

Niligundua kwanza sokoni, kwenye mifugo. Mtu niliyemjua miaka ishirini, namuuliza mvua ya kwao. "Nagaa," akasema. Nyasi? "Nagaa." Na bei ya madume? Akatabasamu kwa adabu. "Nagaa, mzee." Nikarudi na lori tupu, sijui wapi kuna mzigo. Mwaka ule nilimaliza mafuta mengi nikitafuta kwa macho vitu ambavyo zamani niliambiwa bila kuuliza.

Fundi nilisikia habari zake kwa vipande, kwa wageni. Kwamba anazunguka visima, kimoja baada ya kingine, kwa bodaboda pale anapopata, kwa miguu pale asipopata. Kwamba anakaa, anatoa habari ya udongo na haidrojeni, na anaanza na kuomba radhi. Kwamba amekonda, na sukari imempeleka hospitali.

Nikaenda kumwona Garbatulla, alikokuwa amehamia na mkewe. Nilinunua sukari kilo mbili, nikidhani mzaha wetu wa zamani utanifungulia mlango.

"Salaam aleikum, Fundi."

"Waaleikum salaam. Karibu, mwenyekiti."

Sijawahi kutukanwa vile. Mkewe alipokea sukari kwa mikono miwili akaipeleka ndani. Fundi aliinuka kwa shida, akachukua kikombe, akakisuuza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akakiangalia kwenye mwanga, akanimiminia mimi chai.

"Afya?"

"Nagaa."

"Hospitali wanasemaje?"

"Nagaa."

Ukutani, juu ya kitanda cha kamba, alikuwa ameandika kwa penseli majina ya visima saba. Matano yalikuwa yamewekwa alama. Nikayaonyesha. "Vimebaki viwili. Lori liko nje, lina mafuta. Twende hata kesho."

"Nagaa, mwenyekiti."

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Fundi, barua ile niliandika mimi. Nilijua ni uongo. Na pale kisimani nilinyamaza."

Yeye, aliyekuwa akimalizia sentensi za watu wote, aliniacha nikafika mwisho. Kisha akasema kwa upole, kama kwa mgeni aliyetoka mbali, "Nagaa. Kunywa chai, isipoe."

Nilikunywa nikaondoka. Mkewe alinisindikiza hadi kwenye lori, akaniaga vizuri, akaniombea safari njema.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa soko la mifugo hapa Isiolo. Mtu nisiyemjua, ametoka mbali ng'ambo ya Garbatulla na mbuzi wake, aliketi karibu nami kupumzika. Hakunijua. Nikamuuliza habari, naye kwa kutonijua akanipa, kamili, kama inavyopaswa. Mvua imegusa wapi. Nyasi ziko wapi. Ugonjwa wa kwato. Halafu akasema, "Na kuna habari ya udongo." Akaniambia kuhusu hewa nyepesi isiyofungika, kitu kidogo kinachosafisha hewa, gesi ya ng'ombe inayokaa zaidi, na udongo wa katikati unaokula bila kuajiriwa. Hakupunguza neno. "Nimeipata kwa aba herega wetu," akasema, "naye aliipata kwa Fundi mwenyewe, kisima chetu kilikuwa cha saba." Akapumua. "Huyo Fundi naye tumemzika. Leo ni siku ya tisa. Watu wa visima vyote walikuja, kila kisima kikashika koleo."

Kisha, kwa haki yake, akaniuliza, "Na wewe mzee, una habari gani?"

Nikasema, "Nagaa."

Barua ya kuomba muda ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Sikuiandika. Kwa hiyo rafiki yangu wa miaka thelathini alikufa akiniita mwenyekiti, na alipozikwa hakuna aliyeona haja ya kuniambia.